Uzito wa Pedeli ya Kulia

3 Februari

Kwako mdogo wangu Sindano,

Najua ukiuona mwandiko huu utaanza kuuliza nani kafa. Hakuna aliyekufa. Mwandiko umepinda kwa sababu naandikia gotini.

Nina shida ndogo ya kifundi. Nimenunua pedeli za simuleta, ule mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege ambao kazini tuliwaachia wanafunzi. Zinakaa sakafuni chini ya meza, mguu huu na mguu huu. Ukisukuma ya kulia, ya kushoto inarudi nyuma, na ndege kwenye kioo inageuza pua kulia. Kuna springi mbili za kuzirudisha katikati, na mwenye kuniuzia sijui alikuwa na miguu ya tembo, maana ni ngumu ajabu. Skrubu ya kulegezea nimeizungusha hadi mwisho, bado.

Nilitegua kifundo cha mguu wa kulia nikishuka kwenye bawa, basi kazini wamenipumzisha. Mwezi wa tano nitaruka na mkaguzi, akiridhika narudi kazini. Sitaki mguu usahau kazi yake.

Wewe unapinda springi za makochi kila siku ya Mungu. Nipindie laini kidogo. Vipimo nimechora nyuma ya karatasi hii. Simu yangu haisikiki vizuri, usihangaike kupiga. Weka barua ndani ya kifurushi, mpe kondakta wa basi la asubuhi.

Kaka yako

---

9 Februari

Kwa Bwana Mawingu,

Kweli nimeuliza nani kafa! Tangu tumzike mama hujaniandikia hata mstari, leo unanikumbuka kwa ajili ya springi. Haya, afadhali springi kuliko kimya.

Pole na mguu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kwenye ukoo huu mkuu ni wewe, sasa sijui hukumsikia nani.

Nimekupindia jozi tatu. Nimezipaka rangi usije ukazichanganya, maana nakujua. Nyekundu ndiyo ngumu, waya mnene na mizunguko michache. Nyeupe ni ya kati. Kijani ni laini kabisa, hata paka akikanyaga inakubali. Anza na kijani, panda taratibu, usijitie ujana.

Hapa karakana nimebaki mimi na redio. Tangu mume wangu, shemeji yako, afariki naona kila kitu kimekuwa kikubwa, hata meza ya kukatia vitambaa. Wateja wapo, sikatai. Juzi mwalimu mkuu kanirudishia kochi, anadai linalia. Nikalikalia mbele yake, kimya. Nikaruka ruka juu yake, kimya. Akakaa yeye, likapiga yowe. Nikamwambia mwalimu, kochi halina kosa. Kaondoka kanuna.

Niandikie zimekufaaje. Usiandike mistari miwili kama telegramu.

Mdogo wako,
Sindano

---

20 Februari

Sindano,

Springi zimefika. Kazi nzuri. Kijani ndiyo inayofaa kwa sasa.

Kapteni mwenzangu alipita kunisalimu, akazifunga zote moja baada ya nyingine na kuzikanyaga. Anasema nyekundu ndiyo uzito wa ndege yetu hasa wakati wa kuondoka. Sikumwonyesha mimi nafanyaje.

Unaweza kupinda laini kuliko kijani? Ni kwa majaribio tu.

Umesema nisiandike mistari miwili. Hii ni zaidi ya miwili.

Kaka yako

---

1 Machi

Kaka,

Nimekupigia simu jana. Najua ulinikataza. Ilisikika vizuri sana, shida haikuwa simu. Shida ni wewe. Saa saba mchana unaongea kama mtu aliyelala baa! Nimekuuliza umekula nini, unavuta maneno kama kamasi, halafu ukanikatia. Nimekaa na simu mkononi, gundi inakauka kwenye sponji, mteja ananitazama.

Umeanza lini? Ndiyo hiyo ya kutegua mguu? Ulishuka kwenye bawa au ulianguka kutoka kwenye kiti kirefu? Mtu mzima, umebeba roho za watu angani miaka na miaka, leo unanywa mchana peke yako ndani ya nyumba. Mama alikuwa akituambia aibu ya mmoja ni ya tumbo zima.

Springi yako hii hapa. Haina rangi kwa sababu haistahili hata kuitwa springi. Kitoto kikikaa juu yake kinagusa sakafu. Kama mguu uliotegukia bawani unashindwa kijani, basi hapo pana jambo, nami si mjinga.

Sindano

---

10 Machi

Mdogo wangu,

Sijanywa. Ningependa iwe pombe, pombe mtu huacha.

Ni kiharusi. Mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, nikifunga kamba za viatu. Kimechukua upande wa kulia. Mkono umerudi kiasi cha kushika kalamu. Ulimi umekuwa mzito, ndiyo maana sipokei simu. Dukani nanyooshea vitu kidole, naogopa nikisema watu watafikiri ulichofikiri wewe. Mguu unatembea, lakini hauna nguvu ya kusukuma.

Nikueleze kwa nini mguu huu ndio shida. Ndege yetu ina pangaboi moja mbele. Ukiongeza moto wa injini ili uondoke, pua inavutwa kushoto, na kinachoirudisha ni mguu wa kulia. Hakuna kingine. Mguu ukikosa nguvu, ndege inatoka kwenye barabara ya kurukia kabla haijainuka, na watu ndani. Daktari amesema yeye hawezi kuamua, ataamua mkaguzi. Akiona nimeondoka vizuri atasaini.

Kwa hiyo lazima nifike nyekundu. Nisipofika, sijui mimi ni nani. Nyumba hii nilijenga ya kulala kati ya safari, haina hata picha ukutani. Sikuoa kwa sababu nilikuwa sipo, na sasa nipo na hakuna mtu. Kwa siku nzima sauti ninayoisikia ni ya mnara wa kuongozea ndege, ule wa kwenye kompyuta, unaponiruhusu kuondoka.

Usije. Nakuomba. Ukinitazama kwa huruma nitalia, na nikilia mdomo unapinda.

Kaka yako

---

16 Machi

Kaka yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nisamehe kwa pombe. Mdomo wangu huu, ndiyo maana mkaniita Sindano.

Lakini na wewe! Mficha maradhi kifo humuumbua. Miezi yote hiyo unafunga viatu na kula kwa mkono mmoja, na una mdogo wako mwenye mikono miwili. Nimelia, halafu nikakasirika, halafu nikalia tena. Sitakuja kama hutaki. Ila ujue siji kwa sababu umesema, si kwa sababu sitaki.

Nimekupindia seti mpya, rangi zile zile. Zile za mwanzo zitupe, waya ule niliotumia huwa unachoka na kubadilika ugumu. Tumia hizi. Kila siku kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Haba na haba. Na uniandikie kila hatua, hata ukisukuma kwa unene wa ukucha nataka kujua.

Mimi naamini utafika. Nasema hivi nikiwa na misumari mdomoni, kwa hiyo si utani.

Mdogo wako anayekupenda,
Sindano

---

5 Aprili

Sindano, Sindano!

Nyeupe! Leo asubuhi nimesukuma nyeupe hadi mwisho na kuishikilia. Nikairudia nikidhani nimejidanganya. Ikaenda tena.

Wiki iliyopita niliandika kwamba kijani imekuwa nyepesi, wewe ukanijibu kurasa tatu na kunichorea sura yako inacheka. Nimeibandika sura hiyo ukutani, juu ya kompyuta. Ndiyo picha ya kwanza humu ndani. Haifanani nawe, masikio makubwa mno.

Jana nilimwambia mwenye duka "habari za asubuhi" kwa sauti. Alijibu kama kawaida.

Nilikuwa sijui kama unaweza kufurahi hivyo kwa jambo langu. Nilipopata leseni ya kwanza ulikuwa mdogo, ukaniuliza tu kama nitaleta pipi.

Kaka yako

---

28 Aprili

Mdogo wangu,

Nyekundu.

Sikuandika upesi kwa sababu nilitaka niwe na hakika. Siku zote hizi nimeondoka na ndege, kwenye kioo, kwa springi nyekundu, pua iko katikati ya barabara kama imechorwa kwa rula. Mguu unauma lakini unafanya kazi.

Nimemwomba mkaguzi aisogeze siku karibu, kakubali. Ni tarehe kumi na mbili Mei, asubuhi. Tutakuwa wawili tu ndani ya ndege, yeye na mimi, na kuondoka ataniachia mimi. Nimepiga viatu rangi.

Usitume springi tena. Kazi yako imekwisha, fundi. Nikisharudi angani nitapita juu ya karakana yako nikutikisie mabawa.

Kaka yako, Bwana Mawingu mwenyewe

---

3 Mei

Kaka,

Acha kila kitu, usome hii mpaka mwisho. Simu nimepiga toka jana, imezimwa.

Usiende. Nyekundu unayokanyaga si nyekundu. Seti ya pili niliipinda kwa waya mwembamba na kuongeza mizunguko. Nyekundu ya sasa ni sawa na nyeupe ya mwanzo, labda pungufu. Nyeupe ya sasa ni kijani. Nilikuambia waya wa kwanza unachoka. Waya hauchoki, kaka. Nilisema uongo ili uzitupe zile za kweli.

Nilidhani nakupa moyo tu. Nilisema acha ashinde kidogo, moyo ukipanda mguu nao utapanda, baadaye nitampindia ngumu kweli polepole bila yeye kujua. Wewe ukapanda haraka kuliko nilivyopanga. Halafu barua zikaanza kuja. Hujawahi kuniandikia hivyo maishani, na mimi jioni nikifunga karakana nina kitu cha kusoma. Nikaogopa kwamba ukishindwa utanyamaza tena. Huo ndio ukweli, na ni mbaya, najua.

Mwambie mkaguzi unaumwa. Mwambie chochote. Ndani ya kifurushi nimeweka nyekundu ya kweli. Ifunge, uikanyage, utaona.

Sindano

---

14 Mei

Kaka,

Kondakta anasema kifurushi alikukabidhi mkononi tarehe tano. Ulikipata, basi. Ulisoma? Ulikwenda? Niambie neno moja.

Sindano

---

25 Mei

Kaka,

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nausubiri mshindo huo kila basi likifika. Redioni hawajasema kitu kuhusu ndege, kwa hiyo najua u hai. Nimekata kitambaa cha mteja kinyume, maua yanatazama chini.

Kama umekasirika, kasirika kwenye karatasi.

Sindano

---

9 Juni

Sindano,

Kifurushi sikukifungua. Nilikishika, nikasikia chuma ndani, nikasema huyu hasikii, springi za nini tena wakati nimeshashinda. Nikakiweka juu ya kabati. Simu niliizima mwenyewe, nilitaka utulivu kabla ya mtihani. Nimekifungua jioni ya tarehe kumi na mbili, nimerudi.

Mkaguzi alinipitia nyumbani kwa gari lake. Kiti cha nyuma kina kiti cha mtoto, na biskuti zimevunjikia humo. Njiani aliongea habari za huyo mtoto, ameota meno. Mimi nilijibu vizuri tu, ulimi ulinitii.

Tulipokuwa tunaisogeza ndege taratibu kwenda mwanzo wa barabara niliona pedeli ni nzito. Nikasema ni baridi ya asubuhi. Nilisema hivyo moyoni kwa sababu nilikuwa naiamini rangi yako. Nikaongeza moto. Pua ikaanza kwenda kushoto. Nikakanyaga kama ninavyokanyaga nyumbani, na pedeli ikakaa pale pale. Nikakanyaga kwa mwili wote. Niliziona nyasi zinakuja. Mkaguzi alikata moto akakanyaga yeye, tukasimama gurudumu la kushoto likiwa nje ya barabara. Halafu akaniuliza mimi kama nimeumia.

Leseni nimeiacha mezani kwake. Hakuniomba.

Nilikuwa nimejiandaa kushindwa na mguu wangu. Nilijiandaa tangu mwezi wa kumi na mbili. Sikujiandaa kushindwa kwa mkono wako. Ungeniambia sogea kando, kaka, huwezi, ningekuchukia wiki moja. Sasa kila nikifumba macho naona kile kiti cha mtoto.

Zile springi zako za uongo nimezitoa. Nimefunga nyekundu ya kweli. Haisogei hata kwa unene wa ukucha, lakini angalau najua nakanyaga nini. Nawasha kompyuta, naweka ndege mwanzo wa barabara, mnara unaniruhusu kuondoka, nami nabaki pale pale. Mnara unarudia. Huwa nauachia uendelee kuongea, kwa sababu nikizima hakuna mwingine.

Sijakusamehe. Sura yako nimeigeuza ikatazama ukuta, lakini sikuibandua.

Ukitaka kuandika, andika.

Kaka yako

---

15 Juni

Kaka yangu,

Umeandika. Nilipoona bahasha nilikaa nayo barazani kwanza, naogopa kuifungua.

Sina la kujitetea. Huyo mkaguzi na mtoto wake sikuwafikiria hata mara moja, niliona wewe tu na barua zako. Upweke wangu niliuita huruma. Usinisamehe kwa haraka, nitangoja, sina safari. Na huyo mkaguzi nitamwandikia mimi, najua jina lake utanitajia, nimwambie kosa ni la nani.

Lakini nyekundu usiitoe. Nisikilize.

Mguu wangu wa kulia umekanyaga cherehani ya ngozi na turubai tangu nikiwa msichana. Nimeifunga nyekundu nyingine kama hiyo kwenye ubao hapa karakana, nikaikanyaga mpaka mwisho, nikaishikilia wimbo mzima wa redioni. Naiweza. Sasa nakutengenezea kiti cha watu wawili, kisicho na mikono katikati, cha kukaa mbele ya hiyo kompyuta yako. Springi zake ni za kweli, utazipima mwenyewe kwa kiwiko ukitaka. Wewe utakaa kushoto, ushike usukani na ukanyage ya kushoto. Mimi nitakaa kulia. Pua ikianza kukimbia utasema "kulia", nami nitakanyaga. Utasema "punguza", nitapunguza. Sijui kitu, utanifokea, na mimi nitakujibu. Tukiingia nyasini, zile za kwenye kioo hazina mtoto wa mtu.

Angani hutarudi, kaka. Nalisema mimi, wazi, kwa mwandiko wangu, kwa sababu safari ile nilipaswa kulisema nikapaka rangi. Hutarudi, na inaniuma.

Ulinikataza nisije kwa ajili ya huruma. Siji kukutazama. Tutakuwa tumekaa bega kwa bega tunatazama mbele, na mdomo ukipinda upinde, mimi macho yatakuwa barabarani.

Fremu nimeshachora. Mbao sijakata, kwa sababu sijui nyumba yako, sijawahi kuingia. Kama nije, huna haja ya kuandika maneno mengi. Pima upana wa mlango wako wa mbele, uniandikie.

Sindano

---

20 Juni

Sentimita themanini na mbili. Ukiung'oa mlango, themanini na sita.

Nimeshaung'oa.